Jaribio Juu ya Mdogo Wangu

Ninafundisha mantiki mwaka wa mwisho wa sekondari, hapa Lubumbashi. Wanafunzi nawaambia: dai ambalo hakuna tukio linaloweza kulikanusha, litupeni jalalani. Wanacheka, wanaandika. Na mimi nilikuwa nacheka, mpaka siku mdogo wangu alipoketishwa chini mbele ya wakwe zake, huko mtaa wa Katuba.

Binti yake mdogo alikuwa na homa isiyoshuka. Sisi watu wa Kasai tuna jambo letu, tshibawu: mke akitoka nje ya ndoa na kunyamaza, mtoto ndiye anayeugua, hadi mama aungame na kumtaja huyo mwanamume. Hakuna aliyekuwa amemwona mdogo wangu na mwanamume yeyote. Ushahidi wao ulikuwa homa, basi.

"Mama, mi shikufanya kintu," alisema mdogo wangu.

"Munasikia? Anaficha," mama mkwe akawaambia wenzake. "Njo maana homa haishuke."

Nikasimama. "Na homa ikishuka bila yeye kusema?"

"Basi amesema mu roho yake."

"Na akisema, mtoto asipone?"

"Iko ingine anaficha."

Aka! Nilitamani kumzaba mtu kibao. Nikapiga kelele kwamba mbu wapo, malaria ipo, mtoto apelekwe hospitali kwanza. Shemeji yangu, dereva wa lori upande wa mgodi wa Kinsevere, mwanaume mzima, alitazama viatu vyake. Mama yake akasema mtoto hatavuka mlango kabla mama hajasema, kwa sababu dawa ya hospitali juu ya tshibawu inaua. Wajomba wa shemeji walikuwa wamekaa mlangoni, hapiti mtu.

Mdogo wangu alimtazama mtoto, akanitazama mimi mkubwa wake, yaya kama anavyoniita. Kisha akamtaja jirani mmoja. Alikuwa amemchagua marehemu, ili asipigwe mtu. Maji yakimwagika hayazoleki. Walichinja kuku, wakafanya mambo yao, ndipo wakampeleka mtoto hospitali. Akatundikiwa serumu, maji ya mshipani, yenye kwinini, na baada ya siku chache alikuwa anadai bukari, ugali wetu.

Mama mkwe alikuja mpaka kwangu. "Prof, unaona? Amesema, mutoto amepona. Nyie ku masomo munaita hii nini, kama haiko ushahidi, preuve?"

"Ni kwinini, mama."

"Kwinini imefanya kazi juu alisema."

Nilimchukia yule mama, na namchukia hadi leo, sioni haya kusema.

Kwa kuwa ameungama, mdogo wangu alifukuzwa na nguo zake ndani ya beseni. Mtoto alibaki, kwani ni wa ukoo wa baba, na mzinzi halei. Mdogo wangu akawa analala sebuleni kwangu. Usiku sikuwahi kumsikia akilia.

Mvua zilipoanza, homa ilirudi. Shemeji alipiga simu yangu, sauti yake ikasikika chumba kizima: mama anasema yuko mwingine aliyefichwa, na mtoto hatoki nyumbani mpaka atajwe. Nikamtukana yeye, nikamtukana mama yake, nikatukana kuku wao. Mdogo wangu akaninyang'anya simu, akaifunika kwa kiganja.

"Yaya," aliniuliza, "sasa nimutaje nani?"