Sahihi ya Eufrazia

Mwaka 1974 Eufrazia, mkulima wa kabichi wa Mgeta, alianza kukaa chini kila baada ya hatua ishirini za kupanda mlima. Watu wakasema ni uvivu. Uvivu gani jamani, kwa mtu aliyeteremsha tenga kichwani tangu usichana wake.

Mjini Morogoro, Daktari Simon alimsikiliza kifua, kisha akamchorea moyo kwenye karatasi. Mlango wa kutolea damu umekakamaa, akasema. Kuupanua hakusaidii tena, dawa ni kuubadilisha. Kuna wa chuma, unadumu, ila atameza dawa ya kuzuia damu isigande na kupimwa damu maisha yake yote. Kuna na wa nguruwe, hauna masharti hayo, ila utachakaa, labda baada ya miaka kumi, apasuliwe upya.

"Kule mlimani nani atanipima damu?" Eufrazia akauliza. "Nipe huo wa nguruwe."

Upasuaji huo haukuwepo nchini. Serikali ilikuwa na nafasi moja ya kupeleka mgonjwa ng'ambo, na fomu ilitakiwa irudi Ijumaa ikiwa na sahihi. Leonard, mumewe, alishashika kalamu, Eufrazia akamzuia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na msemaji wake ni mjomba. Akipasuliwa kifua mjomba hana habari, akafia huko, Leonard atawaambia nini wakwe zake?

Mjomba Kasimiri alikuwa amehamia kijiji cha ujamaa upande wa Kilosa, na mvua ilikuwa imekata barabara. Alifika baada ya wiki tatu, miguu imevimba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mlinisubiri mimi wa nini? Ningekataa?" Akaweka dole gumba.

Walipoirudisha Morogoro, Daktari Simon aliipokea fomu. Nafasi ilishakwenda kwa mtu mwingine.

"Ndugu husaini mgonjwa asipojitambua," akasema kwa upole. "Hapa palikuwa pako. Ungesaini mwenyewe, siku ile ile."

Eufrazia aliona aibu, aibu iliyomuuma kuliko kifua. Miaka miwili alihudhuria kisomo cha watu wazima, na darasani hakuna aliyemshinda kuandika jina. Akaomba kalamu, akaliandika polepole, herufi zote nane.

"Nafasi nyingine lini?"

"Mwakani," daktari akajibu. Akamsikiliza kifua tena, mapigo yalikuwa yamefifia kuliko mwanzo, na safari hii hakumpangia tarehe ya kurudi.