Udi wa Mwisho Ndani ya Friza

Tafadhali, usinifundishe habari ya limau. Kila nikiitaja friza yetu ya wakati ule hakosi mtu wa kuniambia, "Ungekata limau ukaliweka ndani, harufu ingeisha." Nilikata. Nilikata malimau mpaka vidole vikaniwasha, na friza ikanuka nguru aliyeoza mwenye limau.

Ilikuwa friza ndefu ya mfuniko wa juu. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu tulikuwa tukiishi Westlands, ghorofa ya kwanza, na friza ilikuwa imekula nusu ya jikoni. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba tungeweza kumlaza mgeni pale na bado akajigeuza. Kabla mama hajaja, haikuwa na kitu zaidi ya kuku mmoja na barafu za watoto.

Mama alikuja kutoka Mombasa kutibiwa katika hospitali kubwa ya upande wa Upper Hill, akafikia kwangu. Siku za kliniki nilimpeleka. Siku nyingine daktari alitaka apumzike. Thubutu! Mama alitandika mkeka jikoni, akakalia mbuzi yake ya kukunia nazi, ile aliyoibeba kwenye basi usiku kucha kama kwamba Nairobi watu hawajui nazi ni nini, akaanza kupika ya Ramadhani. Shaabani yenyewe ilikuwa bado haijaandama. Akapika sambusa, katlesi, kababu, akakamua tui akalitia katika mifuko midogo. Nguru aliwaagiza kutoka kwao, wakaletwa na basi katika boksi la barafu, maana samaki wa Nairobi, kwa maneno yake, "amekufa mara mbili." Manda za dukani, zile karatasi za unga za kukunjia sambusa, hakutaka hata kuzitazama. Alizichoma mwenyewe, moja moja, akisimama kila baada ya chache ili avute pumzi.

"Mama, pumzika basi," nikamwambia. "Ramadhani iko mbali."

"Iko mbali kwako wewe."

Akaendelea kukunja sambusa, kisha akasema bila kuniangalia, "Niwepo nisiwepo, mwaka huu mtafuturu kwa mkono wangu. Sitaki mwanangu afungue kinywa kwa vitu vya kununua."

Nilichukua manda nikakaa chini karibu naye, nikaanza kukunja na mimi. Nilikuwa nazikunja vibaya kidogo makusudi, pembe zikiachia, ili anigombeze. Alinigombeza vizuri sana. Ningetoa chochote leo nigombezwe vile tena.

Friza ilijaa mpaka mfuniko ukawa unafungwa kwa kukaliwa. Halafu mama akafariki, asubuhi, hospitalini, kabla sijafika na uji wake. Tukamsafirisha nyumbani siku ile ile, mimi, mume wangu na watoto, tukamzika Mombasa. Kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa na mume wangu alikuwa amepewa likizo, tukabaki huko mpaka hitima zikamalizika. Usiku nikilala kwenye chumba chake, kitu kimoja tu kilikuwa kikinipa usingizi. Nilijua kwamba Nairobi kuna friza imejaa mkono wa mama.

Tulikuwa hatujafika mlangoni tuliporudi, harufu ikatupokea kwenye ngazi.

Mwenye jengo alikuwa mama mmoja wa Kikuyu, mtu mzima, aliyekaa nyumba ya chini. Watoto wangu walimwita shosho, yaani bibi kwa lugha yake, nasi tukamwita hivyo hivyo. Alitoka mlangoni kwake amefunga pua kwa kitambaa cha kichwa.

"Poleni sana na msiba, poleni," akasema, kisha bila kupumua, "na mimi nilidhani ni panya imekufa kwa dari! Nimetafuta hiyo panya mpaka nikachoka. Transfoma ililipuka juzi juzi mkiwa mmeenda, tukakaa bila stima karibu wiki nzima, imerudi tu leo asubuhi."

Shosho akapanda nasi mpaka jikoni, na mume wangu ndiye aliyeinua mfuniko. Sitaelezea yote yaliyokuwemo. Sambusa zilikuwa zimeyeyuka zikawa uji mmoja, nguru amevimba, tui limepasua mifuko, na maji ya rangi ya chai yamejikusanya chini. Niliingiza mkono nikatoa mfuko wa manda uliokuwa juu kabisa, nikasema hizi hazina neno, hizi ni unga tu, zinafaa. Shosho ndiye aliyeuchukua mkononi mwangu. "Hiyo hapana, mama," akasema taratibu. "Hiyo wachana nayo."

Hapo ndipo nilipolia. Mazikoni nilikuwa nimelia kama watu wanavyolia, nimezungukwa na mashangazi. Siku ile nililia kwa ajili ya sambusa, nimekaa sakafuni pale pale palipokuwa na mkeka wake, na sikuona haya.

Baada ya hapo ikawa ni kazi. Tuliosha kwa maji moto na sabuni. Tukaosha kwa siki. Tukaosha kwa soda ya kuokea, tukaipaka kama uji mzito na kuiacha ikauke. Tulijaza magazeti yaliyokunjwa, yakanywa uvundo tukayatupa, tukajaza mengine. Shosho aliniletea kahawa ya kusaga kutoka shambani kwao, tukaimwaga kwenye sahani ndani, kisha akaleta karai la makaa. "Makaa inakula harufu," alisema, na kweli yaliila, lakini hayakushiba. Ni yeye pia aliyegundua tundu la chini la kutolea maji. Tulipochomoa kizibo chake, lo! Tulikimbilia dirishani sote wawili, tukicheka huku tunatapika. Tuliuchomoa hata mpira wa mfuniko, tukausugua kwa mswaki katika kila mkunjo. Kila siku niliiacha wazi kutwa, na madirisha wazi, itoke, itoke.

Ikatoka karibu yote. Kilichobaki kilikuwa kidogo tu, cha kukaa nyuma ya pua. Lakini weka maziwa humo, kesho chai inakuwa ya nguru. Mume wangu akasema tuitupe friza, tununue nyingine. Nilimjibu kwa ukali ambao hakuustahili, maskini, kwamba kitu alichokijaza mama hakitoki nyumbani kwangu kikinuka mzoga.

Lakini si hilo lililokuwa likinitesa, na sikumwambia. Mama yangu alikuwa mtu wa kunukia. Leso zake, mtandio wake, hata mto aliolalia, vyote vilikuwa na udi. Sasa kila nikimkumbuka, puani ilinijia ile harufu ya friza. Nafumba macho namwona amekaa kwenye mbuzi ya nazi, na kinachonifikia ni nguru aliyeoza. Nilikuwa namwogopa mama yangu mwenyewe, nikikwepa kumfikiria ili nisimnuse vile. Alikuwa ameshanitoka mara moja, na sasa nilikuwa nampoteza tena puani.

Shaabani ikafika nusu. Siku moja, nikisafisha chumba alicholala, nilishusha kopo lake la udi kutoka juu ya kabati. Mama hakununua udi wa tayari. Aliupika mwenyewe, vipande vya udi na sukari na marashi na vitu vingine alivyovitia kwa kukadiria tu, na alipoulizwa kiasi gani alikuwa akisema, "Kiasi chake." Mashangazi hawakijui hicho kiasi chake, nami sikukishika. Ndani ya kopo ulikuwa umebaki wa kujaza kiganja.

Nilikaa kitandani nikiwa nimelishika lile kopo muda mrefu. Kila kitu ndani yangu kilisema, funga, ficha, huu ndio wa mwisho. Halafu nikamkumbuka bibi yangu, mama yake mama, jinsi alivyokuwa akiufukiza mtungi wa maji ya kunywa. Aliwasha ubani, akaufunika mtungi mtupu juu ya moshi mpaka ukashiba, ndipo akatia maji, na maji yale ukiyanywa yalikuwa yananukia mpaka kooni. Kwetu chombo hakisafishwi kwa kuoshwa peke yake. Nikajiambia, kama mtungi unafukizwa, friza nayo ina nini?

Nikachomoa waya wa stima. Nikawasha makaa, nikayatia kwenye chetezo, kile chungu kidogo cha kufukizia, nikakiweka juu ya tofali ndani ya friza. Nikamimina udi wote. Wote, sikubakisha hata chembe, maana nilijijua, ningebakisha ningebaki nautazama. Nikashusha mfuniko, nikaacha mwanya kidogo.

Moshi ulitoka kwa wingi ambao sikuutarajia. Ulijaa jikoni, ukatoka dirishani, ukateremka chini. Mara nikasikia, "Mama! Mama, nyumba inaungua!" na shosho akaingia akitweta, na beseni la mchanga mikononi. Akaniona nimesimama kando ya friza inayofuka, nimejitanda, machozi yananitoka.

"Unachoma friza?" akauliza.

"Naifukiza."

Akalitua beseni. Akavuta pumzi, akavuta tena. "Hii ni ile ya mama yako," akasema. "Ile alikuwa akipita kwa ngazi inabaki." Akakaa kwenye kiti changu cha jikoni, tukakaa pamoja mpaka moshi ukaisha.

Chetezo kiliacha alama ya kuungua kwenye plastiki ya pembeni, rangi ya chai. Harufu ya nguru ilikwisha kabisa. Lakini plastiki inakunywa, nami sikulifikiria hilo. Nyama ikanukia udi. Maziwa yakanukia udi. Watoto wakakataa barafu zao za maji matamu, wakisema zina ladha ya buibui la bibi. Shosho nilimpelekea barafu siku moja, akaonja, akasema, "Hii barafu yenu iko harusini."

Mwezi ukaandama. Siku ya kwanza ya kufunga nilipika sambusa kwa manda za dukani, nikiomba msamaha kimoyomoyo kwa kila moja niliyokunja. Adhana ilipolia kutoka redioni, mume wangu akapitisha tende, na mimi nikachukua bilauri ya maji niliyokuwa nimeitia vipande vya barafu kwa sababu ya joto la jikoni. Nikasema bismillahi, nikanywa.

Ilikuwa ni mama. Kwenye ulimi, kooni, kifuani, mpaka chini. Bilauri nikaishika kwa mikono miwili nikashindwa kuiweka. Mwanangu mkubwa akauliza, "Mama unalia nini?" Nikamwambia kunywa na wewe. Akanywa, akamtazama mdogo wake, akampa naye. Mume wangu akanywa. Hakuna aliyelalamika tena juu ya barafu mwezi ule wote. Tulifuturu kwa mkono wake, kama alivyosema.

Friza ile ilikufa injini yake miaka kadhaa baadaye, tukiwa tumeshahamia Kilimani. Mume wangu alinunua nyingine, ya kusimama, nzuri, haina harufu ya chochote. Ile ya zamani niligoma isitolewe. Iko stoo, haina waya, haina kitu ndani. Watu hudhani nimekuwa mchoyo wa vyuma vikuukuu, nami huwaacha wadhani.

Nikizidiwa huenda kule. Zamani niliiacha wazi kutwa nikiomba itoke, itoke. Siku hizi nauinua mfuniko kiasi cha kuingiza pua tu. Kila mwaka udi unapungua. Navuta mara moja, nafunga upesi, usije ukaisha.