Maiti Wawili Chini ya Mjozi

Wendell Stambaugh, fundi bomba wa Gettysburg, hakuwahi kufa vitani. Kila Julai watu wazima wa mji ule huvaa makoti ya sufu na kuigiza siku ya tatu ya pigano la kale la Wakaskazini na Wakusini, pale Wakusini walipovuka shamba lililo wazi kuuendea ukuta wa mawe, wakapukutika njiani. Wendell husimama nyuma ya ukuta kwa koti la bluu la Wakaskazini, maana babu wa babu yake alisimama hapo.

Kaka yake Lloyd, dereva wa lori mstaafu, huvaa kijivu cha Wakusini. Magoti yake mabovu, na kwenye kijivu mtu ana ruhusa ya kuanguka mapema. Huangukia chini ya mti ule ule, mjozi wenye kivuli kipana.

"Risasi zinamngoja kivulini," watu humcheka.

Ndugu hawa hawakuwa wamesemezana tangu mazishi ya mama yao. Wendell ndiye aliyempeleka mama nyumba ya wazee, Lloyd akiwa safarini. Kaburini Lloyd alitamka neno moja tu, "Ulimtupa," akafunga mdomo. Tangu hapo simu hapokei, mlango hafungui.

Mwaka huu wa kijivu walipungua, kapteni wao akaomba wa kujitolea. Wendell akanyoosha mkono.

"Babu yako atageuka kaburini," mwenzake akamwambia.

"Ageuke. Amelalia ubavu mmoja muda mrefu."

Mizinga ya baruti tupu ikanguruma. Wendell akatembea nyuma ya kaka yake hadi mjozini. Lloyd akaanguka polepole, kama mtu anayejilaza baada ya kushiba. Wendell akaanguka kando yake. Sheria ya mchezo ni moja: aliyekufa haondoki mpaka tarumbeta ilie.

"Kivuli kingine kiko kule," Lloyd akanong'ona, macho kayafumba.

"Nimeshakufa, kaka. Sihamiki."

"Na umekufa vibaya. Umelalia mkono wangu."

Wendell akajisogeza. Moshi ukapita juu yao. Ndipo akasema lile alilolifuata.

"Mama alikuwa anatoroka nyumbani, kaka. Mara ya mwisho nilimkuta darajani, peku kwenye theluji, anakuita wewe."

Lloyd akafumbua macho. Ukutani watu walikuwa wakipiga kelele.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza, siku akili zilipomrudia. Alisema, yule yuko barabarani na lori, asije akaendesha huku analia."

"Ananiita mimi?"

"Wewe. Mimi alinidhania polisi."

Tumbo la Lloyd likaanza kutikisika. Kicheko au kilio, Wendell hakutazama, maiti hatazami.

Tarumbeta ikalia. Maiti shamba zima wakainuka, wakajipangusa nyasi, watazamaji wakapiga makofi. Lloyd akajaribu magoti yake, yakagoma. Akakaa kitambo, kofia imemwangukia usoni. Kisha akanyoosha mkono upande wa mdogo wake.

"Ninyanyue basi, polisi."