Saba Ndani ya 358358

Kijana aliyetaka kunioa alikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha mkonge huko Thika, na dosari yake pekee ilikuwa namba ya kipande chake, kile kitambulisho cha serikali ya mkoloni: 358358. Siku alipokuja kwetu Ruiru kujitambulisha, baba aliomba akione kile kipande kabla hata chai haijamiminwa. Miaka ile ya hali ya hatari hayo ndiyo yalikuwa maamkizi.

"Namba nzuri hii," mama akasema. "Inajirudia, hata mimi nitaikumbuka."

Baba alikuwa mzee wa kanisa, na imani ya Wakikuyu kwamba namba saba ina laana aliiita ushenzi wa babu zetu. Lakini Mkikuyu ni Mkikuyu, na kila namba mpya iliyoingia nyumbani baba aliigawanya kwa saba, ati kuupa ubongo mazoezi. Akainama, akachora mchangani kwa kijiti. Jibu likatoka 51194, bila baki.

"Imo," akasema, uso umemshuka. "Imejificha, lakini imo."

Nilipokuja kuwa mwalimu ndipo nilipojua kwamba tarakimu tatu ukizirudia hivyo, zozote zile, lazima zigawanyike kwa saba. Ni sawa na kuzizidisha kwa elfu moja na moja, na elfu moja na moja ni saba mara kumi na moja mara kumi na tatu. Hata angeandikiwa 111111, saba ingekuwemo tu. Laiti ningelijua siku ile! Ningempigia baba kelele mpaka majirani waje.

"Mimi siamini mambo hayo," baba akamwambia mgeni wetu. "Lakini nenda ofisini wakubadilishie namba, halafu tuongee."

"Haki baba, nani siku hizi anakwenda kwa mzungu kuomba namba nyingine?" kijana akauliza.

"Mtu asiye na la kuficha."

Akaenda, mjinga wangu yule, kwa vile alinipenda. Afisa alipouliza sababu, akamwambia ukweli mtupu: namba yangu inagawanyika kwa saba. Afisa akachukua kalamu, akagawanya, akakuta ni kweli. Hapo ndipo alipotishika. Kwa akili yake, hiyo haikuwa hesabu bali ishara ya siri ya wapiganaji wa msituni, na kabla ya jua kutua mchumba wangu alikuwa ndani ya lori la mahabusu.

Mamake ndiye aliyetuletea habari, macho mekundu. Amepelekwa kambini, akasema, na huko haitwi kwa jina. Anaitwa 4019, basi. Nililia mpaka sauti ikakauka. Nilipoinua kichwa, baba alikuwa amechuchumaa mlangoni na kijiti chake.

"Inabaki moja," akasema, amefurahi kweli kweli. "Sasa sina pingamizi. Akitoka tu, mtaoana."