Mnyoosha Mgongo wa Davenport

Mnyoosha mgongo wa mji wa Davenport hamgusi mtu kabla ya kusugua viganja vyake vikapata joto, na huomba ruhusa hata kwa mgonjwa aliyemzoea miaka tisa. Vidole vyake hushuka pingili baada ya pingili, kama anayetafuta sindano ndani ya godoro, huku akiulizia hali ya mahindi shambani. Jumatatu Bi Verna Dostal alimwendea shingo imekakamaa kama gogo, na mwanawe ameshaapa kwamba asiyeweza kutazama nyuma hapandi tena trekta. "Utasikia mlio, mama, lakini hakuna mfupa unaovunjika." "Nimezalisha ng'ombe mimi, utanitisha na mlio? Fanya kazi yako!" "Basi legeza mabega, unapigana na mimi." "Napigana na kila mtu."

Yule bwana akacheka, akangoja. Hamlazimishi mtu, hungoja pumzi itoke, ndipo asukume mara moja tu, ka! Bi Verna akainuka kitako, akaanza kujishusha kitandani kwa tabu, maana kushikwa mkono hataki katu. Hapo akajaribu shingo. Ikageuka, ikaendelea kugeuka mpaka begani, naye akamwona yule bwana nyuma yake: amempa kisogo, anakunja na kukunjua karatasi ileile, akisubiri asikie viatu vimetua sakafuni. Na miaka yote tisa Bi Verna alidhani humpa kisogo kwa sababu ya shughuli nyingi. Akatua. "Nimeshuka, mwanangu," alisema. "Geuka nikushukuru."