Mkia Uliokatwa Mapema

Katika kiwanda kile kidogo cha uchapaji hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Wote walimwita Mama Herufi, naye aliitika kichwa juu, maana jina hilo hakuliokota barabarani. Alimaliza darasa la saba, akaajiriwa kufagia, na katika kufagia akajifunza kuokota herufi za madini ya risasi zilizoanguka sakafuni na kuirudisha kila moja kwenye kitundu chake. Miaka miwili baadaye alikuwa anazipanga mwenyewe, kinyumenyume, akizisoma kutoka kulia kwa wepesi ule ule unaosomea wewe gazeti. Walimu wa sekondari walileta mitihani yao wakidhani wamemaliza kazi. Yeye aliwarudishia makosa sita yamepigiwa mstari, bila kucheka, na hilo la kutocheka ndilo lililowauma zaidi.

Mashine za risasi zilipouzwa kama vyuma chakavu, wenzake walikwenda nazo. Yeye alikuwa na miaka arobaini na sita. Alikaa mbele ya kompyuta, akavaa miwani, akamwambia mwenye kiwanda kwamba kitu kisicho na mikono hakiwezi kumshinda mwenye nayo miwili.

Programu ya kupangia kurasa waliyokuwa nayo ilikuwa kuukuu na yenye vituko. Picha uliyoiweka ukurasa wa tatu ungeikuta imehamia wa nne, imetulia kama mgeni aliyekaribishwa. Kulikuwa na fonti moja ambayo ikichapwa ilitoa vijisanduku vitupu badala ya herufi. Kuhesabu kurasa ilikuwa haijui kabisa. Namba uliziandika mwenyewe, moja moja, na ukiongeza ukurasa katikati uanze upya. Mama Herufi alizijua tabia zake zote kama mtu anavyojua tabia za mume. Moja tu ndiyo iliyomtisha. Maandishi yakizidi kisanduku chake, mistari ya mwisho ilizama chini na kupotea machoni. Haikufutika, ilikuwa humo humo, lakini programu haikukuonya wala haikuweka alama yoyote. Walisikia kwamba matoleo mapya yana alama nyekundu ya kukushtua. Lao halikuwa nayo.

Basi akabuni dawa yake. Mwisho wa kila maandishi aliongeza mstari wa herufi X kumi, akauita mkia. Ukichapa nakala ya kusahihisha na mkia ukaonekana, ujue hakuna kilichozama. Mkia unakatwa mwisho wa yote, wakati hakuna tena kitakachoguswa kwenye ukurasa. Akaifanya sheria. Binti aliyeajiriwa kumsaidia aliusahau mkia mara moja tu, tena kwenye kadi ya mwaliko ambayo haikuharibika hata nukta, na Mama Herufi alimsema mbele ya wateja mpaka binti wa watu akaenda kulia chooni.

Sasa siku moja akaja mwanamume aliyefiwa na baba yake. Alikuwa mtoto wa kwanza, na alitaka kijitabu cha kugawa siku ya mazishi: picha ya mzee, historia yake kwa ufupi, na majina ya watoto wake sita kwa kufuata kuzaliwa. Akaketi kando ya Mama Herufi, akawa anasoma, Mama Herufi anaandika. Nakala ya kusahihisha ikatoka safi, majina sita yapo, mkia upo. Mama Herufi akaukata mkia. Ndipo mteja akainama kwenye skrini akasema picha ya baba ni ndogo, ipanuliwe, walau vidole viwili.

Akaipanua. Maandishi yakashuka, kama yanavyoshuka siku zote. Sheria ilikuwa wazi: mkia urudi, nakala nyingine ichapwe. Lakini gari la kuchukua vijitabu lilikuwa linangoja nje, mteja alikuwa amechoka kwa kulia, na zaidi ya yote, binti alikuwa amesimama nyuma yao anaangalia. Mama Herufi hakutaka aonekane ni mtu wa kutazama mara mbili. Akasema jicho lake linatosha, akaipeleka kazi kwenye mashine. Nakala mia tatu.

Jina la sita likazama.

Siku ya tatu baada ya mazishi akaingia mwanamke mwembamba, kijitabu mkononi. Alikuwa kitinda mimba wa yule marehemu, ila hakuzaliwa na mama mmoja na wale watano. Mzee alimleta nyumbani akiwa na miaka minne, akalelewa humo humo, na maisha yake yote alikuwa anangoja siku atakayoambiwa kwamba yeye si wao. Siku hiyo alikuwa ameisoma kaburini, kwenye karatasi nzuri ya kung'aa. Hakupiga kelele. Aliuliza tu ni nani aliyekuja kusema atolewe.

Mwenye kiwanda, kwa hofu, akamwita fundi wa kompyuta aliyekuwa duka la pili. Fundi akalifungua faili, akakishika kisanduku cha maandishi kwa mausi, akakivuta chini. Jina likajitokeza, zima, halina hata mkwaruzo. Akakirudisha, likapotea. Akakivuta tena. Akaeleza kwamba hilo ni tatizo la programu, toleo hili lina upungufu huo, halionyi.

Mwanamke akatazama jina lake likizama na kuibuka. "Kwa hiyo majina sita, programu yenu ikachagua langu?"

"Si kuchagua, dada," fundi akasema. "Ni kwa kuwa ulikuwa wa mwisho."

"Mimi ni wa mwisho siku zote," akasema, akakiacha kijitabu juu ya meza akatoka.

Kila mtu akamgeukia Mama Herufi kumpoza. Mwenye kiwanda akasema asijitese, mashine ni mashine. Fundi akasema hata wataalamu wa mjini wanalia na toleo hili. Yeye akaitika kwa kichwa. Binti alikuwa amesimama palepale aliposimama siku ile, akamtazama Mama Herufi mara moja, kisha akarudi kupanga karatasi. Afadhali angemtukana.

Baada ya wiki yule kaka mkubwa akarudi, uso umemshuka. Dada yake alikuwa amemtukana mbele ya ukoo, amehamisha vitu vyake vyote kutoka nyumbani kwa baba, na simu hapokei. Akaomba barua ya kiwanda ieleze kwamba kosa si lake. Mwenye kiwanda akaitunga, na nani wa kuiandika kama si Mama Herufi. Akaiandika: tatizo la kiufundi la programu, tunasikitika. Akaitia mkia, akaichapa nakala ya kusahihisha, akauona mkia, akaukata. Barua ile ya uongo haikupungukiwa hata herufi moja.

Barua ikarudi kutoka kwa dada imechanwa vipande viwili.

Tangu hapo kazi zilitoka sawa, lakini kila alipomwona binti akiandika zile X kumi, kwa utii, kama alivyofundishwa, alitamani ardhi ipasuke. Asubuhi moja akavaa gauni lake la kutokea, akaaga kwamba anakwenda hospitali, akaenda mpaka kwenye chumba alichokuwa anashonea yule kitinda mimba. Alikuwa kwenye cherehani, sare za shule zimerundikana pande zote, wanawake wawili wakingoja kupimwa. Akamtambua mgeni, akamsalimia shikamoo kwa heshima, mguu haukutoka kwenye cherehani.

Mama Herufi alikuwa ameyapanga maneno njiani kama alivyokuwa akipanga herufi. Yote yakamwagika. Akasema hovyo hovyo, mbele ya wateja, kwamba programu ina tatizo kweli, lakini tatizo lile yeye analijua miaka kumi na moja na dawa yake anayo. Akaeleza mkia. Akaeleza picha, gari, na binti aliyekuwa nyuma yake. Wale wanawake wawili wakajifanya wanachagua vifungo.

Cherehani ikanyamaza. "Kwa nini hukusema siku ile?"

"Niliona haya, mwanangu."

"Haya." Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Mimi nimemwita kaka yangu mwizi wa damu mbele ya watu wazima kwa sababu wewe uliona haya."

Mama Herufi akabaki amesimama, maana hakukaribishwa kiti.

"Hebu niambie," mshonaji akasema baadaye, na sauti ilikuwa nyingine. "Hilo jina ulilikuta kwenye karatasi, au alilitaja yeye?"

"Alilitaja yeye. Alikuwa ananisomea. Wale watano aliwasoma mbio mbio. Alipofika kwako akasimama, akaweka kidole kwenye meza yangu, akasema, 'Huyu mwandike na jina la baba, na la babu, mpaka mwisho. Lisipungue.'"

"Alisema lisipungue?"

"Alisema hivyo. Ndiyo maana mstari wako ulikuwa mrefu kuliko yote."

Mshonaji akainamia kitambaa kana kwamba anatafuta sindano iliyoanguka. Wanawake wawili wakaaga taratibu, wakasema watarudi kesho. Alipoinua uso akasema, "Rudia tena hapo alipoweka kidole."

Mama Herufi akarudia. Akaulizwa ni kidole gani. Akasema cha shahada, cha mkono wa kulia. Akaambiwa arudie tangu jina la tano. Akarudia, na kila mara ilimbidi apite tena kwenye ule mkia na lile jicho lake lililotosha.

Mwisho mshonaji akakusanya sare, akafunga dirisha, akachukua ufunguo.

"Twende," akasema. "Utamwambia yeye haya haya, mimi nikiwepo. Halafu na mimi nina yangu ya kumwambia."

"Na binti wa pale kazini," Mama Herufi akasema, nusu kwa nafsi yake. "Naye yanamhusu."

"Huyo ni wako. Nenda naye ujuavyo."

Wakaenda, mshonaji mbele kwa hatua za haraka, Mama Herufi nyuma na magoti yake mabovu, bila mkono wa kushika. Kwa kaka mkubwa mlango ulikuwa wazi nusu. Mshonaji akapunguza mwendo, akasimama kando ya ukuta kama mtoto aliyevunja kitu, akamwachia bibi yule apige hodi. Mama Herufi akavua miwani, akapiga, na alipoona mtu anakuja akaanza kusema kabla hajaulizwa hali.