Mwendo wa Mzee Rehani

Abdulaziz alikodi kona ya duka langu la stationery hapa Kilole, Korogwe, akisema atakaa miezi miwili. Alikaa kumi na moja. Mimi nilidhani kutengeneza filamu ya katuni ni kazi ya kompyuta, mtu anabonyeza kisha anakunywa chai. Kumbe kompyuta nayo inasubiri tu.

Wazo lilitoka kwa mama yake, Bi Faudhia, kule Kang'ata. Mumewe, mzee Rehani, ana miaka mitatu kaburini, na siku moja Bi Faudhia alimwambia mwanawe kwamba ameanza kusahau jinsi mzee alivyokuwa anatembea. Sura anaikumbuka, sauti anaikumbuka, ila mwendo unampotea, na jambo hilo linamtisha. Video hawana hata moja. Picha iliyobaki ni ya kitambulisho, na kwenye kitambulisho hakuna anayetembea.

Basi Abdulaziz akaamua kumrudisha baba kwa dakika tatu: mzee anatoka shambani, anapita kwenye mahindi, anafika mlangoni. Aliandika hadithi ukurasa mmoja. Akachora matukio yote kwa mfuatano kwenye vikaratasi hamsini, akavibandika ukutani kwangu bila ruhusa. Akarekodi kuku, na mchi ukitwanga kwenye kinu. Kisha akaanza kuchora, picha kumi na mbili kwa kila sekunde, mguu ukisogea upana wa ukucha.

"Dada Elina, leo nimemvusha baba mtaro," aliniambia jioni moja.

Mtaro mmoja, siku nzima. Nilimcheka, lakini nilimwonea huruma.

Alipomaliza kutia rangi sekunde thelathini za mwanzo, alimpelekea mama. Nilifuatana naye kubeba spika. Bi Faudhia alitazama mpaka mwisho.

"Umechora vizuri," alisema. "Ni nani huyu?"

Njia nzima ya kurudi Korogwe Abdulaziz alirudia kutazama ile miguu aliyoichora.

Mimi ndiye niliyemtajia Castory. Babu yake Castory alitoka Tabora kuja kukata mkonge, kwa hiyo yeye ni Mnyamwezi, na Mnyamwezi kwa Mzigua kama mzee Rehani ni mtani, mwenye ruhusa ya kumtania hata msibani. Siku ya mazishi ya mzee Rehani alifanya kazi ya mtani: alivaa koti la marehemu, akatembea kama marehemu katikati ya waombolezaji, akadai uji wake. Watu walicheka huku wanalia. Abdulaziz, aliyekuwa ametoka kusoma Dar es Salaam na adabu zake mpya, alimfukuza mbele za watu. Mtani anafukuzwa msibani? Hata wafiwa wenzake waliona aibu. Tangu hapo wawili hao hawakusalimiana.

Abdulaziz alikataa wiki mbili, halafu tukaenda. Castory alikuwa uani kwake anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mzigua kaja mwenyewe. Kafa nani tena?"

"Hajafa mtu. Nilikukosea siku ile. Naomba utembee kama baba."

Castory aliingia ndani, akatoka amevaa lile koti. Alikuwa amelitunza. Mikono nyuma, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, na kila baada ya hatua chache anasimama kama aliyesahau jembe, anageuka nusu, anaendelea. Simu ilirekodi mara nne.

"Nyie Wazigua," alisema, "hata kutembea mpaka mfundishwe."

Abdulaziz alifuta sekunde zote thelathini, akaanza upya. Ilimchukua miezi mitano. Akaunganisha picha, akaweka sauti, akatangaza kwamba imeisha.

Tulikwenda Kang'ata asubuhi. Bi Faudhia alikaa kwenye kigoda, kompyuta juu ya ndoo. Mzee akatoka shambani. Akasimama, akageuka nusu, akaendelea. Bi Faudhia alijishika mdomo. Mzee alipofika mlangoni na kunyanyua mguu aingie, mama alisema, kwa sauti ya kila siku:

"Vua viatu, Baba Aziz. Nimesiriba sakafu leo."

Filamu ikaishia hapo, mzee akiingia na viatu vyake. Mimi nililia, sioni haya kusema. Abdulaziz alifunga kompyuta taratibu.

"Bado haijaisha, mama," alisema. "Hajavua viatu. Nitamuuliza mzee Castory alikuwa anavivuaje."

"Hilo usimuulize Castory," alisema Bi Faudhia. "Alikuwa anaanza na cha kushoto. Nakumbuka."